Umepunguzwa kazi na mwezi unakatika baada ya mwezi: namna ya kuushika moyo, hatua kwa hatua

Mie nlikuwa stoo kipa kwenye hoteli moja huku Zanzibar, pwani ya mashariki ya Unguja, miaka 9, halafu siku moja mwezi wa tatu tukaitwa watu 12 kwenye ukumbi wa mikutano kila mtu akapewa bahasha yake. Hakuna aloiba wala alogombana na mtu, hoteli imebadilisha mmiliki na huyo mpya kaona watu wamezidi, basi. Kutoka siku ile mpaka siku nlopata kazi nyengine ilipita miezi 14, na katika hiyo miezi 14 neno nlolisikia kuliko yote ni subira. Subira ndugu yangu, subira, Mungu yupo. Na mie naiamini subira, nimelelewa nayo, ila hakuna hata mmoja alonambia hiyo subira inafanywa vipi khasa siku ya Jumanne saa 3 asubuhi, watoto washakwenda skuli, na weye umekaa ukingoni mwa kitanda umeshaoga na huna pa kwenda.

Haya nnayoandika ni ya hiyo Jumanne saa 3. Nimeyapanga kwa hatua mana mie mwenyewe nlikuwa natamani mtu anipangie, lakini si lazima uyafuate moja baada ya moja, kama leo ni mwezi wako wa sita ruka makaratasi uende kule kwenye siku na kwenye watu.

Hatua ya 1: makaratasi

Wiki ya mwanzo kichwa hakifanyi kazi vizuri kwa hiyo usikipe maamuzi makubwa, kipe makaratasi. Hakikisha umeondoka na barua inosema wazi kwamba nafasi yako imepunguzwa, si kwamba umeacha mwenyewe wala umefukuzwa kwa kosa, mana huko mbele kila utakapokwenda utaulizwa na hiyo barua itakusemea. Omba na barua ya utumishi inoonesha umeanza lini, umemaliza lini, ulikuwa unafanya nini. Omba mahesabu yako kwa maandishi: mshahara wa siku ulizofanya, notisi, likizo ambazo hukuchukua, kiinua mgongo kama unacho. Ukiwekewa karatasi usaini na hujaielewa sema naomba niende nayo nikaisome nyumbani, hakuna ubaya kusema hivyo hata kama afisa utumishi anatizama saa.

Hapa kuna kitu wengi wanakosea. Wanaingia mtandaoni wanasoma habari za CMA, ile tume ya usuluhishi na uamuzi ya Bara, na sheria ya kazi ya huko, halafu wanakwenda na hayo. Zanzibar mambo ya kazi tuna sheria yetu, Sheria ya Ajira namba 11 ya mwaka 2005, na mgogoro wako unakwenda Kamisheni ya Kazi ya hapa hapa, Unguja au Pemba, sio CMA. Kama unaona umeonewa nenda mapema, usikae miezi unanung'unika barazani mana malalamiko yana muda wake. Na pita ZSSF, mfuko wetu wa hifadhi ya jamii, uulizie michango yako, mwajiri kaleta mpaka mwezi gani, chukua na taarifa yako uiweke kwenye faili. Yote haya yanaweza kumalizika wiki moja au mbili, na faida yake nyengine ni kwamba unatoka nyumbani kwa sababu.

Hatua ya 2: nyumbani waambiwe siku hiyo hiyo

Hili nlikosea na liliniumiza kuliko bahasha yenyewe. Takriban wiki mbili nlikuwa natoka nyumbani Magomeni saa 11 na nusu alfajiri, nimevaa shati la kazi, nakwenda kukaa Forodhani chini ya miti natizama madau yanoingia mpaka jua linakuwa kali, halafu naranda Darajani, halafu Mnazi Mmoja, mpaka ifike saa zangu za kurudi. Nlikuwa naona nawahifadhi. Mke wangu hakusema kitu. Siku ya 13 jioni akanitilia chai, akaweka boflo na siagi, akakaa mbele yangu akanambia, "Baba Nassra, ile gari ya hoteli ina siku ngapi haisimami hapo Kwa Biziredi?"

Nikanyamaza kimya.

"Kunywa chai ikingali moto," akasema. "Kesho usitoke alfajiri. Lala, halafu tukae tupange."

Nlilia na sioni haya kulisema. Zile wiki mbili nlikuwa na mzigo mara mbili, wa kukosa kazi na wa kuigiza kazi, na huo wa pili ndo ulokuwa unanimaliza. Kwa hiyo sema siku hiyo hiyo, mke au mume, wazee, na watoto pia kwa maneno yao: "baba hana kazi kwa sasa, anatafuta, skuli mtaendelea kwenda." Watoto wanajua nyumba ikibadilika, ukiwaficha wanadhani wao ndo wamekosa kitu.

Na kwa majirani tayarisha sentensi moja uishike kama namba yako ya simu. Yangu ilikuwa hii: "Kazi ilipunguzwa, natafuta ya stoo au ya manunuzi, ukisikia popote nambie." Ukishakuwa nayo, lile swali la barazani, habari za kazi, halikuchomi tena mana una jibu, na jibu lenyewe linafanya kazi kwa niaba yako. Nitairudia hii sentensi huko chini.

Hatua ya 3: pesa ijue mwisho wake

Sitokaa sana hapa kila mtu anajua nyumba yake. Ila kaeni wawili na daftari muandike pesa iliyopo, muandike yale yasiyosimama: chakula, skuli, kodi kama mmepanga, umeme wa Tukuza, maji, dawa za wazee. Gawa, ujue hiyo pesa inafika mwezi gani. Mie nilipoona inafika mwezi wa nane nliogopa, lakini ile hofu ilikuwa na namba, na hofu yenye namba unalala nayo, ile isokuwa na namba ndo inakuamsha saa 8 usiku. Kama upo kwenye mchezo wa pesa wa kupokezana wambie wenzako mapema, omba zamu yako isogezwe au utoke kwa heshima kuliko kuja kukwama katikati. Kiinua mgongo usikikimbilie kununua bodaboda wiki ya kwanza kwa sababu mtu kakwambia inalipa, ngoja miezi miwili kichwa kitulie.

Hatua ya 4: hasira iandike, usiende nayo kwenye intavyu

Miezi mitatu baada ya bahasha nkaitwa intavyu kwenye hoteli moja ya Mji Mkongwe. Nimepiga pasi, nimenyoa, nimefika nusu saa kabla. Meneja mama mmoja mstaarabu sana, swali la pili tu, "kwa nini uliondoka kule?" Nikaanza kueleza. Nikasema miaka 9 sijachelewa, nikasema yule mmiliki mpya hajui hata stoo ilipo, nikasema wamewabakisha fulani na fulani ambao mie ndo nimewafundisha kazi, na kadri nlivyokuwa nasema sauti ilikuwa inapanda na mie siisikii. Nilipotizama uso wake, alikuwa keshafunga faili langu kawekea mkono juu. Akanishukuru vizuri sana. Sikupigiwa.

Njia nzima kutoka pale mpaka Darajani nlikuwa najiuliza yale maneno yametoka wapi. Yalikuwemo ndani, hayajawahi kutoka, yakaona mlango yakatoka.

Baadae ndo nikaja kusoma kwamba hili lishachunguzwa. Kule Dallas, Marekani, kulikuwa na wahandisi walopunguzwa kazi, na utafiti wao ulitoka mwaka 1994, mmoja wa watafiti ni mwanasaikolojia James Pennebaker. Kundi moja waliambiwa waandike dakika 20 kwa siku, siku 5 mfululizo, namna walivyoumia kwa kupoteza ile kazi, wengine wakaandika mambo ya kawaida tu, wengine hawakuandika kitu. Walioandika maumivu yao walipata kazi mapema zaidi kuliko wenzao, na sio kwamba walituma maombi mengi zaidi. Mie nilipolisoma hilo nikamkumbuka yule mama na faili langu.

Fanya hivi. Chukua daftari la skuli la watoto, lolote, kaa peke yako baada ya isha watu wakilala. Dakika 20. Andika kila kitu, majina, matusi ukitaka, hakuna atakaesoma. Siku 5. Usisahihishe wala usirudie kusoma. Ukimaliza lichane ulichome kwenye jiko au lifiche, ni lako. Halafu, siku nyengine kabisa na kichwa kimepoa, andika jibu la lile swali la kwa nini uliondoka, lisizidi sentensi mbili, lisome kwa sauti mbele ya mtu mpaka lisitetemeke. Langu likawa: "Hoteli ilibadilisha umiliki wakapunguza wafanyakazi 12, na mimi nlikuwemo. Stoo niliikabidhi ikiwa kamili na barua yao hii hapa."

Hatua ya 5: ishike siku

Hapa ndo penyewe, nakuomba usome taratibu.

Kuna kijiji Austria kinaitwa Marienthal, si mbali na Vienna, kijiji kizima kilikuwa kinategemea kiwanda cha nguo, kiwanda kikafungwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 wakaenda watafiti, mmoja wao Marie Jahoda, wakakaa na wale watu wakawatizama. Ungedhani mtu akikosa kazi atasoma, atafanya yale aliyokuwa hana muda nayo. Walichokikuta ni kwamba vitabu vya maktaba vilikuwa vinaazimwa kidogo kuliko zamani watu walipokuwa wamechoka na kazi. Wanaume walikuwa wanatembea polepole, wanasimama simama njiani, watafiti walikuwa wanapima kwa saa. Ukimuuliza mtu jana umefanya nini toka asubuhi mpaka jioni anakumbuka kuamka na kula tu. Na wanawake wa kijiji kile kile walitembea haraka zaidi, mana chakula na watoto na nguo vilikuwa vinawangoja. Jahoda akaja kusema miaka ya mbele kwamba kazi ukiacha pesa inampa mtu mpangilio wa siku, watu wa kuonana nao, jambo analoshirikiana na wenzake, nafasi yake katika jamii na kitu cha kufanya kila siku. Vyote vinaondoka na ile bahasha. Kwa hiyo moyo ukipoa mwezi wa tatu sio uvivu wako na sio imani yako imepungua, umetolewa vitu vitano kwa pamoja na inabidi uvirudishe kimoja kimoja kwa mkono wako.

Sasa sisi tuna bahati moja. Siku yetu ishakatwa tayari vipande vitano, adhana inakwita utake usitake. Kama weye si Muislamu adhana unaisikia vile vile, itumie kama saa. Mie niliacha kusubiri nijisikie vizuri ndo nifanye, nikafunga kazi kwenye swala:

Baada ya alfajiri hakuna kurudi kitandani. Hili ndo gumu kuliko yote na ndo linalobeba mengine. Natembea nusu saa, nlikuwa natoka Magomeni mpaka uwanja wa Amani na kurudi, naoga, navaa shati lenye kola na viatu, hata kama sitoki. Kukaa na shuka kiunoni mpaka saa 4 kunakula moyo, nimekujaribu sana.

Saa 2 mpaka saa 5 ni kutafuta kazi, na ni hapo tu. Maombi, simu, kupeleka CV kwa mkono, kwenda ofisi za watu. Masaa matatu ya kweli yanatosha. Anokwambia atafute kazi masaa manane kila siku hajawahi kutafuta miezi 14.

Adhuhuri mpaka alasiri ni ya nyumba. Kula, lala kidogo, na ushike kazi moja ya nyumbani iwe yako kabisa. Mie nlichukua kwenda sokoni na kumfata mdogo skuli. Mke wangu wakati huo kishaanza kupika vitumbua na maandazi vya kuuza, mie ndo nlokuwa nakuna nazi na kupeleka kwenye maduka alfajiri mara nyengine, na kuna wanaume walinicheka, na nyumba ilikula.

Alasiri mpaka magharibi ni ya kujifunza au ya watu. Siku tatu nasoma, siku mbili natembelea watu.

Baada ya isha kazi haitafutwi. Simu iwekwe mbali, usiingie kwenye magrupu ya nafasi za kazi saa 5 usiku, mana ukikuta tangazo muda wake umepita jana ndo usingizi umekwenda. Ijumaa nlikuwa sitafuti kabisa, na sikujilaumu. Ramadhani punguza masaa, ofisi zenyewe zinapunguza, tumia ile asubuhi ya mapema kichwa kikiwa kizuri na jioni umuachie Mungu wako na wanao.

Utavunja hii ratiba, mie nliivunja mara nyingi. Ukilala mpaka saa 4 siku ya Jumatatu usiseme wiki imeharibika, ishike kwenye adhuhuri, kipande kinachofuata kinakusubiri kile kile.

Hatua ya 6: hesabu ulichofanya, majibu usiyahesabu

Daftari jengine, dogo, la mfukoni. Kila siku andika: maombi mangapi, simu ngapi, watu wangapi umeonana nao ukawambia ile sentensi. Jiwekee idadi ya wiki unayoiweza, yangu ilikuwa maombi 5 na watu 6. Ukifika, wiki hiyo umefaulu, hata kama hakuna alokujibu. Majibu yapo mikononi mwa watu wengine na ukiyahesabu hayo utakuwa kila jioni umefeli mtihani ambao hukuufanya weye.

Na jua kalenda ya hapa petu. Wageni wanajaa kuanzia Juni mpaka Oktoba na tena Disemba mpaka Februari, masika yakiingia Machi mpaka Mei kuna hoteli zinafunga kabisa zinapaka rangi. Ukituma maombi ya hoteli mwezi wa nne na kimya, huo ni kimya cha masika, sio chako. Sukuma sana Mei na mwanzo wa Juni, na tena Novemba. Wakati wa masika elekeza nguvu kwengine: maduka ya jumla, skuli binafsi, hospitali, maghala, miradi. Nafasi za serikali ya Zanzibar zinapita Tume ya Utumishi Serikalini na maombi yake ni ya mtandaoni, fungua akaunti mapema uskani vyeti vyako vyote vizuri, usingoje tangazo litoke ndo ukimbilie stashenari na foleni. Ukishatuma sahau, yale yanachukua muda mrefu, usiyasimamishie maisha.

Mtu akikudai pesa, ya fomu, ya sare, ya kumuona bosi, ondoka. Hakuna kazi pale.

Hatua ya 7: nenda kwa watu wa mbali kidogo

Nlianza kama kila mtu anavyoanza, kwa kaka zangu, ami yangu, mashemegi, marafiki wa karibu. Wote wazuri, wote walihangaika, na wote walikuwa wanajua yale yale nnayoyajua mie. Mmarekani mmoja mwanasosholojia, Mark Granovetter, aliliandika hili mwaka 1973. Aliwauliza watu wa mji mmoja karibu na Boston walopata kazi kwa kuambiwa na mtu, huyo mtu mlikuwa mnaonana mara ngapi? Walokuwa wanaonana mara kwa mara hawakufika hata asilimia 17, walobaki wote waliambiwa na watu wanaowaona kwa nadra au mara moja moja. Ndugu zako wanakupenda, lakini habari mpya inakaa kwa mtu wa baraza nyengine.

Kwa hiyo kaa uandike majina. Usiandike marafiki, andika waliopita kwenye kazi yako. Mie nlikuwa stoo, basi nikaandika: anoleta mayai, anoleta samaki kutoka Nungwi, wa mboga, dereva wa gari ya gesi, fundi wa mafriji, mama wa mapazia, mkaguzi wa hesabu alokuwa anakuja kila mwaka, mpishi alohamia Kendwa. Yalifika majina 47. Kama ulikuwa mapokezi una madereva wa teksi na matembezi, kama ulikuwa mwalimu una wazazi. Watu hawa wanaingia kwenye ofisi na stoo kumi tofauti kwa wiki, wanajua wapi mtu kaondoka kabla tangazo halijaandikwa.

Usiwapigie ukawaomba kazi, wao hawana kazi ya kukupa na utawatia aibu. Pita, salimia, uliza biashara inaendaje, usikilize kweli, halafu sema ile sentensi yako uondoke. Dakika 10. Baada ya miezi miwili pita tena. Mie siku za kwanza nlikuwa naona nakwenda kuomba omba, miguu mizito, nlikaa nje ya duka la mama wa mapazia robo saa nzima kabla sijaingia, na nilipoingia akafurahi akanambia, "Mwanangu, ulipotelea wapi? Tangu uondoke invoisi zangu zinakaa miezi miwili." Nlitoka pale natembea kama mtu mwenye kazi.

Hatua ya 8: CV na kujifunza

CV ya kurasa mbili, isizidi. Usiandike tu stoo kipa 2015, andika ulichokishika: stoo ya vyumba vingapi, oda za aina gani, hasara ya vyakula ilipunguaje, programu gani ya kompyuta unaijua. Mpe mtu anoajiri aisome, sio rafiki yako. Jifunze kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, chenye mwisho. Kiitaliano kinasaidia sana ukanda wa Kiwengwa, Excel inasaidia kila pahala, na Mamlaka ya Mafunzo ya Amali wana vituo Unguja na Pemba kwa anotaka ufundi. Mie nlichagua Excel, jioni tatu kwa wiki kwa kijana wa jirani, nikamlipa kwa maandazi.

Hatua ya 9: kibarua

Heri kenda shika kuliko kumi nenda uje. Kibarua kichukue, hakikushushii hadhi, ila kiwekee mpaka. Karafuu zilipofika nlipanda boti nkaenda Pemba kwa mama, Wete, nikachuma wiki kadhaa. Unalipwa kwa pishi, kwa hiyo jioni ukipima unaona kwa macho ulichokifanya siku ile, na mie nlikuwa na miezi sijaona kitu nlichokifanya kikajaa kwenye chombo. Usiku tunakaa tunachambua makonyo, vile vikonyo vya karafuu, vidole vyeusi, watu wanaimba, hakuna alouliza habari za kazi mana kazi yenyewe ndo ile. Nlirudi mzima. Lakini hata kule nlibeba daftari na kila Jumatatu asubuhi nlikuwa nakwenda Wete mjini natafuta mtandao natuma maombi yangu kabla ya kwenda shamba. Kibarua kikikula asubuhi zote tano, miezi sita itapita na hujatafuta kitu.

Hatua ya 10: ile miezi mibaya

Itakuja. Yangu ilikuwa mwezi wa nane mpaka wa kumi, mtaa mzima unakwenda kazini sizoni imeanza, na mie nishakataliwa mara tatu kwenye hatua ya mwisho. Wakati ule punguza idadi, maombi 2 kwa wiki badala ya 5, lakini usifanye sufuri. Usikate kutembea alfajiri. Chagua mtu mmoja, mmoja tu, unaemwambia ukweli bila kupamba, mie nlikuwa na rafiki tunakaa kwenye kahawa baada ya magharibi, nlikuwa namwambia leo nimeona sina thamani, ananisikiliza, ananitilia kikombe chengine.

Na kama wiki mbili zimepita hulali, huli, huoni raha kwa watoto wako, au yanakujia mawazo ya kutotaka kuishi, hapo acha mambo ya ratiba, mwambie mtu leo hii na uende hospitali. Kidongo Chekundu, hospitali yetu ya maradhi ya akili, wapo watu wa kazi hiyo, na kwenda kule si wazimu kama watu wanavyosema mitaani, ni kama kwenda kwa daktari wa mguu. Usiende peke yako, akupeleke mtu. Nalisema hili kwa uzito mana nimemuona mtu tulopewa naye bahasha siku moja, alifika pabaya, na kilomrudisha ni mkewe kumshika mkono akampeleka.

Hatua ya mwisho: simu ikilia

Mwezi wa tano, masika bado yapo, nlikuwa soko la Mwanakwerekwe natafuta nazi. Nikamkuta bwana wa mayai, yumo kwenye ile orodha yangu, nishampitia mara nne mwaka ule. Akanambia, "Weye si ulisema stoo au manunuzi? Kuna hoteli Michamvi nawapelekea mayai, stoo kipa wao anakwenda Oman mwisho wa mwezi, bado hawajatangaza." Maneno yangu yale yale, kayashika kichwani mwaka mzima katikati ya trei zake za mayai. Nikampigia meneja saa ile ile nimesimama pembeni ya matope.

Simu kama hiyo ikija shusha pumzi, chukua kalamu, uliza mambo manne: wapi, saa ngapi, nani nitamuona, nije na nini. Rudia kwa sauti. Mwambie wa nyumbani. Usiku lala. Kwenye mazungumzo ya mshahara sema unachotaka kwa namba na unyamaze, miezi 14 inakushawishi ukubali chochote, lakini uliza vile vile gari ya wafanyakazi, siku za kupumzika, na michango ya ZSSF inaanza mwezi gani. Mpaka usaini mkataba usiache kutafuta, daftari liendelee.

Ukishasaini, zunguka orodha nzima uwambie, hata wale ambao hawakusaidia kitu. Mie ilinichukua siku tatu. Bwana wa mayai nilimpelekea maandazi ya mke wangu kwenye kawa, na siku yangu ya kwanza kazini ilikuwa Jumamosi, saa 3 akaingia na trei zake stoo kama zamani, tukahesabu pamoja, akasaini.